Kifungu Alichokiacha Gavana Twining (Sehemu ya Pili)

Kijiweni Mkuyuni, Mwanza, kandokando ya Barabara ya Kenyatta, kina mama wanakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Pembeni yao vijana wa bodaboda wanasubiri abiria na kubishana. Hakuna kinachosazwa: majivuno ya Wahaya, hasira za Wakurya, ushamba wa Wasukuma, mkuu wa wilaya, dini ya jirani. Mabishano yanapamba moto, mtu anasusa, kisha abiria anatokea na yule aliyesusa anaombwa chenji na aliyemtukana. Maneno yaleyale yakinakiliwa kwenye hati ya mashtaka, kijiwe kizima kinaweza kulala rumande.

Sehemu ya kwanza ilieleza Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao ibara yake ya 20 inazitaka nchi zipige marufuku uchochezi wa chuki. Sehemu hii inarudi nyumbani, kwa kuwa watu wa ziwa wanayo kumbukumbu yao kuhusu sheria za namna hiyo, na kumbukumbu hiyo ni ya zamani kuliko mkataba wenyewe.

TANU ilipoundwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilikataa kuandikisha tawi lake Mwanza, na Usukuma ukafungiwa chama hicho hadi mwaka 1958. Mwaka 1955 ikaja zana nyingine. Sheria ya adhabu ilirekebishwa ili iwe kosa kutoa kauli inayoweza kuzua manung'uniko miongoni mwa wakazi, au kuchochea uhasama baina ya matabaka ya watu. Kwa sura yake ilikuwa sheria ya amani: nani angetaka Mwafrika, Mwasia na Mzungu wachukiane? Lakini katika nchi ambayo tabaka moja lilikuwa limeshika serikali, kusema ukweli kuhusu tabaka hilo kulitosha kuitwa uhasama. Mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitiwa hatiani kwa kashfa ya jinai, kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa wilaya. Aliambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa.

Jambo linalostahili kuwauma Watanzania ni kwamba uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, lakini kifungu kile hakikuondoka. Leo kinasomeka kama kifungu cha 63B cha Kanuni ya Adhabu, na maneno yake, manung'uniko na uhasama baina ya matabaka, hayako mbali na yale ya 1955.

Kikapata na ndugu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliyataja maneno ya chuki miongoni mwa mambo ambayo chombo cha habari hakiruhusiwi kuyatoa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilipiga marufuku maudhui ya chuki, na mkosaji alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kati ya sheria hizo mbili, Julai 2017, mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alipandishwa kizimbani Kisutu akidaiwa kutamka maneno ya kuchochea chuki, kwa kuishutumu serikali kuwa inabagua watu kwa ukabila, udugu na dini. Tazama jinsi upanga ulivyogeuzwa: anayelalamikia ubaguzi ndiye anayeshtakiwa kwa chuki. Madai yake yangekuwa ya uongo, serikali ilikuwa na takwimu zote za ajira mkononi na redio za kuzitangazia.

Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoketi Arusha, iliamua kwamba vifungu vingi vya sheria ile ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Baadhi vilionekana kuwa na maneno mapana kiasi kwamba raia hawezi kujua mapema ni kauli ipi itamtia hatiani. Tatizo hilo mtu wa Mkuyuni analielewa bila wakili. Msibani mtani anaweza kusimama mbele ya jeneza, akamwita marehemu mwizi na ukoo wake walafi, akazuia maiti isizikwe mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Utani huo, uliokomaa katika misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma iliyopita kwa Wagogo na Wazaramo kuelekea pwani, umewazoesha watu kutukanana bila kuuana. Hakimu mwenye kifungu tu mbele yake atautofautishaje na chuki?

Wapo watakaouliza: na Rwanda je? Swali hilo ni zito, na kwenye ziwa hili ni zito zaidi, kwa sababu mwaka 1994 miili ya waliouawa ilibebwa na Mto Kagera hadi ndani ya Ziwa Victoria, na watu wakaogopa kula samaki. Redio RTLM ilichangia mauaji hayo. Lakini Rwanda ilikuwa tayari na kifungu katika sheria yake ya adhabu kinachokataza kuchochea chuki dhidi ya kabila. Waziri wa habari, Faustin Rucogoza, aliionya RTLM zaidi ya mara moja. Redio hiyo ilikuwa na wakubwa nyuma yake, hivyo sheria haikuigusa. Rucogoza mwenyewe aliuawa tarehe 7 Aprili 1994. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani wakuu wa RTLM kwa kosa lililo wazi zaidi ya chuki: kuchochea moja kwa moja mauaji ya kimbari.

Kanda ya Ziwa imeonja pia uchungu wa maneno. Watu wenye ualbino waliitwa "dili" barabarani, na wengine wakauawa kweli. Kilichoanza kubadili hali kilikuwa sauti: mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mfanyabiashara mtafuta utajiri, akawaendea waganga na kuwaanika hadharani, mpaka ikambidi ajifiche kuokoa maisha yake. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu, katika kikao chake Kahama, iliwahukumu wanaume watatu kwa kosa la mauaji, ambalo halikuhitaji sheria yoyote mpya.

Anayewaambia vijana wa kijiweni wakachome nyumba fulani usiku huu akamatwe kabla jua halijazama. Kushawishi uhalifu ni kosa tangu zamani. Kifungu cha 63B kifutwe.

Sehemu ya tatu itavuka Sirari kuingia Kenya, ambako tume ya utangamano iliundwa kwa sheria ya 2008, na wanasiasa wanane wa pande mbili walijikuta mahabusu Pangani mwaka 2016.