Swichi ya Jenereta Inapokula Mtaji
Muuza samaki anayetegemea jenereta ya kukodi anaijua hasara hii: swichi ya usalama inakata umeme kila mara, barafu inayeyuka, bei inashuka. Wengine huamua kuiruka. Hatari! Swichi hiyo hukata umeme unaovuja ukikaribia miliampea 30, kabla haujaua mtu.

Chomoeni friza zote, kisha rudisheni moja moja. Inayokata ndiyo mbovu. Mara nyingi imeingia maji au waya umechubuka. Ikiwa kila moja peke yake ni nzima, huenda zinavuja kidogo kidogo na jumla inazidi. Zigaweni kwenye swichi mbili. Au nyutro imeunganishwa tena na ethi baada ya swichi. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, si ya mwenye jenereta.