Pweza Kifungoni: Akili Aliyojaaliwa na Mola Wake

Bahari iko mbali na Nyanda za Juu Kusini. Kwa barabara, Iringa ni takriban kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mbeya ni zaidi ya 800. Watoto wengi wa huku humwona pweza kitabuni tu, wakadhani ni kitoweo kisicho na akili.

Kumbe kiumbe huyu asiye na mfupa amejaaliwa mioyo mitatu, damu ya buluu na seli za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa ndani ya mikono yake minane.

Akili hiyo imedhihirika zaidi kifungoni. Mwaka 1992, watafiti wa Naples, Italia, walieleza jinsi pweza aliyefunzwa kuchagua kati ya mpira mwekundu na mweupe alivyoigwa na mwenzake aliyekuwa akimtazama tu. Huko Seattle, Marekani, watu wawili walivaa sare moja. Mmoja aliwalisha pweza, mwingine aliwachokoa kwa kijiti. Haikuchukua muda, pweza wakawa wanamsogelea mlishaji na kumkwepa mchokozi. Na mwaka 2016, mjini Napier, New Zealand, pweza aitwaye Inky alipenya kwenye mwanya wa tangi lake usiku, akatambaa sakafuni, akatokomea katika bomba linaloelekea baharini.

Muislamu ana la kuzingatia hapa. Surat Al-An'aam, aya ya 38, inatufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Naye Mtume (s.a.w.) alitueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki.

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi nchini, kumla pweza ni halali. Lakini uhalali wa kula si ruhusa ya kutesa. Mtihani wetu uko karibu: zizini, kwenye banda la sungura, na kwa kuku anayening'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli tangu alfajiri hadi sokoni.

Mzazi, ukimwona mwanao anamchokoa mnyama aliyefungwa, msimulie habari za pweza wa Seattle. Mwambie kuwa mnyama humjua anayemlisha na humjua anayemtesa, na Mola wao sote anajua zaidi.