Mjukuu Wetu, Roketi, na Matembezi ya Idd

Alhamdulillahi, Idd imepita kwa salama. Desturi yetu sisi watu wa pwani ni kwamba Idd mosi ni ya kuswali na kuzuru jamaa, na Idd pili ni ya watoto. Wazee wengi hutuuliza wawapeleke wapi watoto wao siku hiyo, kwani mahali pa pumbao ni pengi lakini si pote panapofaa, na panapofaa huenda pakawa na gharama. Sisi mwaka huu tulikwenda Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kutazama majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Sababu ya safari haikuwa pumbao peke yake. Tulikuwa na deni, na mwenye kutudai alikuwa mtoto wa miaka 11.

Mtoto huyo ni mjukuu wetu, naye ni mwanafunzi wetu pia. Nyumbani hutuita Babu, chuoni hutuita Maalim. Siku moja katika darasa ya tajwidi tulimkuta ameinama juu ya daftari lake, tukadhani aandika. Kumbe alikuwa akichora roketi, moto watoka chini yake na nyota ziko juu. Tulighadhibika. Tuliichana karatasi ile mbele ya wenziwe, tukamwambia kwamba mambo ya kuruka angani si ya mtoto wa Kiislamu. Wenziwe wakacheka. Yeye hakulia wala hakujibu. Alifungua juzuu yake akaendelea kusoma.

Tulijiona tumemtengeneza. Walakini mtoto huyu alikuwa hatubanduki kila baada ya Isha kwa maswali: kwa nini bahari ina chumvi, kwa nini mwezi wa Idd ni mwembamba. Tangu siku ile hakuuliza tena. Alikuja, akaamkia, akabusu mkono, akenda zake. Bibi yake ndiye aliyetwambia, "Maalim, umemfunga mtoto mdomo." Tulimjibu kwamba adabu ndiyo hiyo. Hakutujibu, naye akinyamaza hivyo huwa ana lake.

Haukupita mwezi, mama yake akamfuma uani nyuma ya tangi la maji, ana kisu, aparua vichwa vya viberiti na kuvishindilia katika kikopo cha bati. Alikwisha jaza nusu. Lau angetia moto, twaogopa hata kusema macho yake yangekuwa wapi leo, na vidole vyake. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba lile tulilolichana chuoni halikufa. Lilikwenda kujificha mahali ambapo hapana mkubwa wa kulitazama.

Tuna mpwa wetu asomeshaye sayansi katika skuli ya sekondari. Sisi elimu yetu ya skuli iliishia darasa la saba, na hatuoni haya kusema hivyo. Tulimwendea tukitaka atupe maneno ya kumkomesha mtoto. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, kile kikopo ni bomu, si roketi. Mfundishe ile isiyokuwa na moto, nawe ujifunze pamoja naye." Nasi, kwa umri huu wa hamsini na kitu, tulikaa juu ya mkeka kwake siku tatu, mwanafunzi wa mwana wa dada yetu.

Basi Idd pili tukaondoka Mombasa alfajiri: sisi, bibi yao, mama yake, na wajukuu wanne. Vikapuni mlikuwa na mahamri, mbaazi za nazi, sambusa na kaimati. Na katika mfuko wa pili chupa tupu za soda za plastiki, vizibo na pampu ya baiskeli. Mtoto aliutazama mfuko ule wa pili mara nyingi, hakusema kitu.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi, na karibu yake kuna mashamba ya chumvi. Ukisimama ufuoni ukatazama baharini, waona majukwaa. Tulimwambia, "Mjukuu wetu, roketi uliyoichora ilirushwa hapa kabla babu yako hajazaliwa." Ndipo alipogeuka akatutazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

Habari yake ni hii. Wataliano walijenga hapa kituo cha kurushia roketi, wakakiita San Marco. Tarehe 26 Aprili 1967 waliirusha setilaiti yao kutoka jukwaani, na mpaka mwaka 1988 roketi tisa zilikwisha kupeleka setilaiti angani kutoka maji haya, nyingine za Wataliano, nyingine za Wamarekani, na moja ya Waingereza. Iliyo mashuhuri kupita zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa yatimiza miaka saba ya uhuru wake, na kwa ajili hiyo Wamarekani wenye setilaiti ile wakaipa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kuchungua nyota kwa miale ya eksirei. Miale hiyo hewa yetu huizuia isifike chini, kwa hiyo mwenye kutaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru iliona mamia ya vitu angani ambavyo jicho halivioni, na mkuu wa elimu hiyo, Riccardo Giacconi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ni wangapi katika sisi wa pwani tulioyajua haya? Tumepita njia ya Lamu mara ngapi, hatukugeuza shingo!

"Babu, kwa nini waje mbali hivi? Kwao hakuna bahari?" Lilikuwa swali, ndugu msomaji, baada ya wiki sita za kunyamaza. Bibi yake alijifanya apanga sahani.

Tulimjibu kama tulivyofundishwa. Dunia yajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndiko iendako mbio zaidi, kadiri ya kilomita 1,670 kwa saa. Mtazame utingo arukapo kutoka matatu ambayo haijasimama: miguu yake yagusa chini nayo yaenda mbio, kwa sababu mbio za gari amekuja nazo. Roketi nayo, ikirushwa upande wa mashariki karibu na ikweta, huondoka na mbio za dunia bure, ikapunguza fuli ya kubeba. Ngomeni ni digrii tatu tu kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Kipande kikidondoka hakimwangukii mtu.

Baada ya Adhuhuri tukatoa chupa. Kazi yake si ngumu. Hutiwa maji kidogo, hukazwa kizibo chenye sindano ya pampu, hugeuzwa mdomo chini juu ya kijiti, kisha hupigwa pampu. Hewa hujibana mpaka kizibo kikashindwa. Maji hufyatuka chini kwa nguvu, na chupa husukumwa juu. Roketi kubwa nayo haina siri nyingine, ila yake ni moto mahali pa maji.

Ya kwanza tuliirusha sisi, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na elimu. Tulijaza maji mpaka shingoni. Ilipanda kiasi cha urefu wa mtu, ikapinduka, ikatumwagia maji yote juu ya kanzu mpya ya Idd na kofia. Wajukuu walisita, hawakujua kama yafaa kucheka. Aliyeanza ni bibi yao, akacheka mpaka akakaa chini mchangani, na hapo wakaangua wote.

Mtoto akaokota chupa. "Babu, umezidisha maji, hewa haikupata nafasi." Akapunguza mpaka thuluthi, akabandika mabawa matatu ya karatasi ngumu, dada yake akashika pampu. Tulirudi nyuma sote, kwani hapana ruhusa kuinamia chupa iliyokwisha jazwa hewa, wala kutumia ya gilasi. Ilipaa ikapita kilele cha mnazi mchanga uliokuwa pale, na mtoto alipiga takbira hata wavuvi wakageuka.

Tulipokula, maswali yalirudi yote pamoja, kama yaliyokuwa yamefungiwa. Aliuliza kama kuna Mwislamu aliyefanya kazi hizi. Tukamweleza habari za Tipu Sultani wa Mysore huko Bara Hindi, ambaye askari wake walirusha roketi za mirija ya chuma dhidi ya Waingereza. Alipouawa mwaka 1799, Waingereza walizichukua kwao wakaziigiza. Tukamweleza na habari za Abdul Kalam, aliyezaliwa mwaka 1931 Rameswaram, mji wa pwani kama wetu, baba yake mwenye mashua, naye utotoni akigawa magazeti apate senti. Mwaka 1980 roketi ambayo yeye aliiongoza kazi yake ilipeleka setilaiti ya India angani, na baadaye akawa rais wa nchi ile.

"Na aliyeko huko juu aswali akielekea wapi?" Hili twalipenda zaidi, kwa kuwa ni la chuoni kwetu. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kituo cha angani katika mwezi wa Ramadhani, na Idd ikamkuta huko. Kituo kile huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, basi jua huchomoza na kuchwa mara 16 katika siku moja. Maulamaa wa Malaysia walikaa wakatoa mwongozo: nyakati za Sala zifuatwe za mahali alipoondokea, na kibla kwa kadiri awezavyo, Al-Kaaba yenyewe, au upande wake, au dunia, au popote asipoweza. Walikaa wakafikiri, hawakumchania mtu karatasi. Hayo ya mwisho hatukumwambia mtoto, lakini tuliyasema nafsini mwetu.

Kisha akauliza lile ambalo hatukuwa na jawabu. Alikwisha sikia skulini kwamba setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California, Marekani. "Babu, na ikweta tunayo sisi. Kwa nini haikurushwa hapa?" Tulitazama majukwaa, nayo yasimama tu majini. Tulimwambia hatujui. Akasema, "Basi nitauliza."

Katika matatu ya kurudi alilala juu ya bega letu. Tulimwamsha karibu na Mtwapa, tukamtaka radhi kwa karatasi ile. Akasema, "Haidhuru Babu, ilikuwa na makosa, niliichora mabawa mawili."

Wazazi, watazameni watoto na viberiti na baruti za fataki, hasa siku hizi za sikukuu. Hilo halina mzaha.

Jumatatu chuo kilipofunguliwa, wanafunzi tisa walikuja na chupa tupu chini ya kwapa. Tuliwaambia waziweke mlangoni pamoja na viatu, wasome kwanza. Baada ya Alasiri tulitoka nao uwanjani, na safari hii kanzu tuliivua mapema.