Balani: mnyama wa bahari kwa sisi wa mawe ya lava

Kila mwaka wakati wa TFC ukifika tunasikia wimbo ule ule: huku hatuna maabara, hatuna darubini, tutafanya utafiti gani? Leo nataka kuwaelezea mnyama mmoja ambaye wengi wetu tumemwona kwenye kitabu tu. Moja ya kazi zinazofundishwa sana katika ekolojia ilifanywa juu yake, na vyombo vyake vingeingia kwenye mfuko wa kwenda sokoni.

Kwa Kifaransa anaitwa balane. Hapa nitaandika balani. Kongo tuko na bahari, ndiyo, lakini ni kipande cha kilometa 37 hivi huko Muanda, na kutoka kwetu ni kuvuka nchi nzima. Ziwa Kivu na Ziwa Edouard hawana huyu mnyama, maana yeye ni wa maji ya chumvi. Wa karibu zaidi ni wa pwani ya Kenya na Zanzibar, kwenye majabali ya matumbawe ya kale yanayopigwa na mawimbi. Ukimwona utasema ni kipande cha jiwe: koni ndogo ya chokaa yenye tundu juu, kama Nyiragongo wa ukubwa wa kifungo cha shati. Wataalamu wenyewe walimhesabu pamoja na konokono na chaza, mpaka mwaka 1830 John Vaughan Thompson alipoonyesha kwamba kitoto chake kinaogelea na ni cha ukoo wa kamba na kaa. Darwin naye alikaa miaka 8 akimchunguza, 1846 hadi 1854.

Maisha yake ni hivi. Anaanza akielea baharini, anajivua ngozi mara kadhaa, halafu anafika hatua ambayo hali kitu tena. Kazi yake moja ni kutafuta mahali. Anatembea juu ya mwamba kwa vipapasio vyake, anapima, anatafuta dalili za wenzake wa aina yake. Akiridhika anajigandisha kichwa chini kwa gundi yake mwenyewe, anajenga ukuta wa chokaa, na kuanzia hapo anachota chakula majini kwa miguu. Hahami tena mpaka kufa.

Mawimbi yanamsaidia na yanamtesa. Yanamletea chakula, na marashi yake yanalowanisha mwamba juu zaidi, kwa hiyo pwani yenye mawimbi makali balani wanapanda juu kuliko pwani tulivu. Lakini yanaweza kumvunja miguu, ndiyo maana wa mawimbi makali wana miguu mifupi na minene. Na kwa kuwa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja lakini anahitaji jirani ili azae, uume wake unaweza kuwa mrefu mara kadhaa kuliko mwili. Penye mawimbi huo nao ni mfupi na mnene. (Najua hapo mutasoma mara mbili.)

Sasa, kwa mnyama asiyehama, chakula kinaletwa na maji. Kinachogombaniwa ni nafasi. Na hapa ndipo inaingia kazi ya Joseph Connell, aliyoifanya miaka ya 1950 kwenye kisiwa cha Cumbrae, Scotland, na kuichapisha 1961. Huko balani wa aina mbili wanajipanga kwa mistari: Chthamalus, mdogo, juu, Semibalanus, mkubwa, chini. Mtu angesema tu kila mmoja anakaa anapopapenda. Connell hakukubali kusema hivyo bila kujaribu. Alichukua mawe yenye Chthamalus, akayashusha chini. Semibalanus wachanga walipokuja kukaa, akawaondoa kwenye nusu moja ya jiwe na kuwaacha kwenye nusu nyingine. Aliweka kioo juu ya jiwe, akachora mahali pa kila mnyama, akarudi tena na tena kuona nani yuko hai. Kwenye nusu iliyosafishwa, Chthamalus wengi waliishi vizuri tu huko chini. Kwenye nusu nyingine walifunikwa, walinyanyuliwa, waliminywa mpaka kufa. Kwa hiyo juu si mahali anapopapenda. Ni mahali anapoachiwa. Semibalanus hawezi kumfuata kule kwa sababu ukavu na joto vinamuua.

Turudi kwetu. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata barabara ya Goma–Rutshuru, na Nyamulagira imemwaga mikondo ya umri mbalimbali. Lava ikipoa inakuwa mwamba mtupu, na nafasi inaanza kugombaniwa upya. Wa kwanza kuonekana ni likeni ya kijivu, Stereocaulon. Baadaye kangaga kwenye nyufa. Tunasema kangaga anapenda ufa. Je, anapenda, au juu ya jiwe ukavu unamuua, au juu pameshachukuliwa? Macho peke yake hayawezi kujibu.

Kwa TFC si lazima uingie Hifadhi, wala usiende mahali pasipo usalama. Ukuta wa mawe ya lava nyuma ya nyumba unatosha. Chagua mawe kumi. Usitegemee likeni, inakua polepole na miezi yako ni michache. Chukua yale majani mafupi ya kijani yanayofunika mawe kama zulia, na kangaga wachanga. Safisha nusu ya kila jiwe, acha nusu. Chora kwenye plastiki inayoona, andika tarehe, rudi kila wiki, mvua na kiangazi. Na ile nusu ambayo hukuigusa uichore kwa uangalifu ule ule, maana siku ya kujitetea ndilo swali la kwanza utakaloulizwa: umelinganisha na nini?