KAZI YA KASISI KATIKA NYUMBA YA RUMANDE YA WATOTO

Mjini Machakos iko nyumba ya rumande ya watoto, iliyo chini ya idara ya serikali ya huduma za watoto. Watu wengi huiita jela ya watoto, lakini hawasemi kweli. Mtoto aliyeshtakiwa akawekwa humo angali anangojea neno la korti. Yaweza kuwa ana kosa, na yaweza kuwa hana.

Miongoni mwa watu wanaozuru nyumba za namna hii ni makasisi. Wazazi wengi hawaijui kazi yao, kwa hiyo yafaa ielezwe.

Kwanza tutazame sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yaagiza kwamba mtoto asifungiwe ila njia nyingine zote zikishindikana. Na akifungiwa, iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema kwamba mtoto asiyetimiza miaka 12 hawezi kuhesabiwa hatia ya jinai. Zamani umri huo ulikuwa miaka 8 tu.

Kasisi si askari, wala si hakimu, wala si wakili. Hana amri ya kumfungua mtoto, wala hatafuti ushahidi. Hayo humweleza kila mtoto siku ya kwanza, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuhojiwa kituoni na kortini humdhania kila mtu mzima kuwa mpelelezi. Humweleza pia kwamba siri zake atazitunza, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, au yuko anayemdhuru mtoto; hapo hatanyamaza. Ni heri mtoto aujue mpaka huo mapema kuliko kudhani baadaye kwamba amesalitiwa.

Tena, katika dini hakuna kulazimishana. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya vijana walionyimwa uhuru, zilizokubaliwa tarehe 14 Desemba 1990, zampa kijana haki ya kuonana na kiongozi wa dini yake, na haki ya kukataa ibada na mafundisho. Basi mtoto Mwislamu akitaka mwalimu wa dini yake, yafaa aitiwe. Na asiyetaka kusali asipunguziwe chakula wala mchezo. Mtoto aombaye kwa kuogopa kunyimwa mpira hakuomba, ametii tu.

Lakini sehemu iliyo ngumu ya kazi hii iko nje ya ukuta. Tuchukue mfano, usio wa mtu fulani. Kijana wa miaka 14 kutoka upande wa Mwala ashtakiwa kwamba alichukua mbuzi wa baba yake mdogo akamwuza sokoni. Mama yake aona haya, haji kumtazama. Baba asema, “Huyo si mtoto wangu tena.” Kijana husikia habari hizo, na usiku hawazi juu ya hakimu, huwaza kwamba hana kwao.

Kijana akikubali, na afisa wa watoto akijua, kasisi huenda mpaka nyumbani. Hawaombi watu wasahau mbuzi, maana aliyepotewa na mali ana haki ya kusikizwa. Huketi na baba mdogo kwanza, amsikilize mpaka amalize. Kisha huwauliza wazee ni malipo gani yatakayorudisha amani. Sheria ya mwaka 2022 yenyewe imefungua njia ya kumaliza mashtaka mengine ya watoto nje ya korti, kwa mkutano wa jamaa na kwa fidia. Lakini uamuzi si wa kasisi, kwa hiyo hana budi kujihadhari na ahadi. Mtoto aliyeambiwa atakwenda nyumbani Ijumaa, Ijumaa ikapita, hatamwamini tena yeye wala mwingine.

Wazazi nao wana kazi yao. Na waende kumtazama mtoto. Wapeleke cheti chake cha kuzaliwa, ili umri wake ujulikane hakika, kwa maana haki zake nyingi zafuata umri huo. Wafike kortini siku iliyotajwa. Hakimu akiuliza ni nani atakayempokea mtoto huyu, na ukumbi ukawa kimya, hata maneno mazuri ya kasisi hayatasaidia sana.

Kasisi aweza kumwambia mtoto kwamba Mungu hakumtupa. Kwamba jamaa zake nao hawakumtupa, hilo hawezi kulisema kwa niaba yao. Sharti waje walionyeshe wenyewe.