Safari za Kusini (2): Newala, Mgeni Ahesabu Maji Kwanza

Juma lililopita tuliishia Masasi, chini ya vile vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla kutoka ardhi tambarare. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyepima miamba ya kusini mwa nchi yetu, aliviita milima ya kisiwa, na tangu mwaka 1900 jina hilo limo katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima. Leo tunapanda Newala.

Mgeni akifika hupelekwa kwanza Shimo la Mungu. Pembezoni mwa mji ardhi inakatika, na macho yanateremka hadi bonde la Ruvuma na kuvuka ng'ambo, Msumbiji. Hupiga picha, husifu upepo, kisha hurudi gesti kuoga. Hapo kwenye kuoga ndipo nitakapokaa kidogo, maana wanaoandika juu ya utalii rafiki wa mazingira hutaja tembo na misitu, ndoo wakaisahau.

Uwanda wa Makonde, ambao Newala imekaa juu yake, ni wa mchanga. Mvua ikinyesha inazama, isitengeneze mto wala kijito huko juu. Maji huja kutokea chini, miguuni pa miteremko. Chemchemi za Ndanda, walikojenga Wabenediktini mwaka 1906, ni za namna hiyo. Mwaka huohuo Karl Weule, mtaalamu wa mila na tamaduni, alipita Masasi na Newala, akaandika simulizi ya asili ya Wamakonde: mama wa kwanza alijifungua watoto wafu mara mbili walipokaa mabondeni, karibu na mito, wa tatu, aliyezaliwa juu Mahuta, akaishi. Basi watu wakachagua afya ya juu na kukubali kiu yake. Gharama waliilipa zaidi kina mama, walioteremka kuchota na kupanda na mzigo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hata leo maji yake, kutoka bonde la Mitema, hayapandi bila pampu na nishati.

Kwa hiyo mgeni muungwana Newala anaoga kwa ndoo moja. Haombi shuka zifuliwe kila siku. Anakuja na chupa yake ya kujaza, na chupa za plastiki alizonunua njiani anarudi nazo, kwani kinachotupwa pale ukingoni upepo hukishusha bondeni, kwenye vyanzo vilevile.

Nimesikia wageni wakiviita vichaka vya uwanda huu pori tupu. Ni kutojua. Zamani mkulima alifyeka, akalima miaka michache, kisha akaiachia ardhi ipumzike mpaka kichaka kirudi. Mikorosho, ambayo ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, imekaa mahali pa vichaka vingi, na sioni haki ya kumlaumu mkulima kwa hilo. Lakini kichaka kilichobaki kwenye miteremko ndicho kinachoshika mchanga usiporomoke. Anayetembea humo kiangazi asiwashe moto, asikate njia mpya, asitupe kipisi cha sigara. Amchukue kijana wa pale amwongoze na amlipe waliyopatana. Ale kwa mama lishe. Korosho azinunue kwa waliozibangua wenyewe.

Anayetaka wanyama aende Lukwika-Lumesule, pori la akiba lililo kando ya Ruvuma, wilayani Nanyumbu. Huko kuna viboko na mamba, na tembo nao. Hilo ni somo la juma lijalo. Kwa sasa niseme tu kwamba kibali hutafutwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kabla ya safari, na msomaji asimsikilize dereva wa bodaboda anayedai kujua njia ya kupenya.