Mwanzi wa Kericho na Kikapu Kilichopotea

Chai ya Kenya, kabla ya kwenda ng'ambo, hupita kwetu pwani. Mnada wake ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo Mombasa ndipo inaponadiwa, pamoja na chai ya nchi jirani. Kwa hiyo sisi twaijua chai ikiwa imekwisha kukauka na kutiwa magunia. Kikapu kilicholibeba jani lake lingali bichi, ni wachache wetu waliokiona. Habari za kikapu hicho ndizo nilizozifuata Kericho na Bomet, kwani ndani yake mna kisa kizima cha mwanzi na plastiki.

Ukitoka Kericho mjini ukashika njia ya Litein, Kapkatet na Sotik mpaka Bomet, jicho halina pa kutua ila juu ya chai. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi lake, akayatupa nyuma ndani ya kikapu. Jani bichi lina joto lake. Likishindiliwa mahali pasipo hewa hugeuka jekundu, likaharibika kabla ya kufika kiwandani. Kikapu cha mwanzi, kilichosukwa kwa nyuzi pana zenye kuacha upenyo, kililifaa jani hilo. Nao mwanzi haukuwa mbali, kwani msitu wa Mau una mwanzi wa asili uotao katika nyanda za baridi, kiasi cha mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Wakipsigis huuita tegat, na kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo wa Kericho kina jina hilo hilo la Tegat.

Leo tazama migongoni mwa wachumaji: vikapu vingi ni vya plastiki. Je, mwanzi ulikuwa na kasoro gani?

Msitu ulipofungwa

Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mwanzi katika misitu yake. Makusudio yalikuwa mema, kulinda chemchemi za mito. Mto Nyangores upitao Bomet huungana na Amala ukawa Mara, na maji yote hayo huishia Ziwa Viktoria. Lakini msitu ulipofungwa, watu wengi hawakuwa wamepanda mwanzi wao mashambani. Msukaji akakosa nyuzi, na dukani plastiki ilikuwapo tayari, nyepesi na rahisi. Fundi asiye na mali ya kufanyia kazi hawezi kumrithisha mwanawe ufundi.

Tuseme haki: kikapu cha plastiki hutumika muda mrefu. Balaa kubwa zaidi ni plastiki ya kutumiwa mara moja ikatupwa, na hiyo imo hata katika asili ya shamba la chai. Mche wa chai huoteshwa kwa kipande cha tawi ndani ya kifuko chembamba cha nailoni. Ekari moja huchukua michai 4,000 na ushei, na kila mmoja ulikuwa na kifuko chake. Siku ya kupanda, mche huenda shimoni, na nailoni huachwa juu ya ardhi. Kipande cha mwanzi kilichokatwa chini ya fundo ni chungu tayari, chenye kitako chake, na upana wake haupishani sana na wa kifuko kile. Hilo ni jambo la kujaribiwa na wenye vitalu.

Sheria nazo zimekuja. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tarehe 5 Juni 2020 ikafuata amri nyingine: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki itumikayo mara moja visiingizwe katika mbuga, misitu na fukwe zinazohifadhiwa. Amri moja, basi, imeufunga Mau wa watu wa bara na fukwe zetu sisi. Na mwaka huo huo wa 2020 mwanzi ukatambuliwa na serikali kuwa zao la kilimo.

Mlango umefunguka, lakini kuupita kwataka subira. Chai huchumwa kila juma moja au mawili, na mkulima hulipwa kila mwezi. Mwanzi humngojesha miaka mitatu hata mitano ndipo ukomae. Mwenye nusu ekari hawezi kung'oa chai yake kwa ahadi. Pa kuupandia ni kingo za mito na miteremko, ambako mizizi yake huushika udongo. Ukishakomaa hukatwa shina kwa shina bila kung'olewa, nao huchipua tena wenyewe. Kisha yabaki kazi ya mikono: kuupasua, kuuchemsha na kuukausha ili dudu wasiutoboe.

Mwanzi wa uongo

Msomaji, jihadhari pia na jina. Viko vikombe viuzwavyo kwa jina la mwanzi ambavyo ni unga wa mwanzi uliogandishwa kwa plastiki ya melamini. Mwaka 2019 wataalamu wa Ujerumani walionya kwamba vikitiwa kinywaji cha moto vyaweza kutoa sumu, na nchi za Ulaya zikaanza kuvitoa madukani. Mnywaji chai ndiye wa kwanza kudhurika. Mwanzi wa kweli huonekana fundo lake na nyuzi zake.

Sisi wa pwani si wageni wa mti huu, nami nimeutungia beti hili:

Mwanzi si mti mgeni, kwetu pwani watumika,
Ndio dema baharini, samaki akanasika,
Na kalamu ya chuoni, kwa mwanzi ikachongeka,
Mwanzi wakatwa waota, nailoni hubakia.

Lililobaki ni soko, na soko ni sisi. Vijiti vingi vya mishikaki na vya kuchokolea meno tununuavyo vimevuka bahari kutoka China, ilhali mwanzi waota Mau. Mwuza madafu wetu akitoa mrija wa plastiki, hutumika dakika tano, kisha ukaenda pwani kusumbua kasa. Mrija wa mwanzi huoshwa ukatumika tena, lakini bei yake ni kubwa kuliko ule wa plastiki. Mahoteli ya Mombasa, Malindi na Lamu yakikubali kulipa tofauti hiyo, na kuagiza kutoka Kericho na Bomet, mkulima atakuwa na sababu ya kupanda. Yasipokubali, marufuku itabaki karatasini, na msukaji wa kikapu atakufa na ujuzi wake.